Kuchunguza Mbawakawa wa Ardhini Katika Kihamba: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Ukiinua gogo la mgomba lililokatwa wiki mbili zilizopita, katika kihamba chochote, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, kuanzia Machame hadi Rombo, mara nyingi utawaona wadudu weusi wanaong'aa wakitimua mbio kutafuta giza. Wengi wetu huwaita wote mende, huwakanyaga, kisha huendelea na kazi. Baadhi yao ni mende kweli. Wengine ni mbawakawa wa ardhini, yaani familia ya Carabidae, ambayo duniani kote ina spishi zipatazo 40,000 zilizokwisha kuelezwa na wataalamu. Wengi katika familia hiyo hujipatia riziki kwa kuwinda viwavi, konokono, koa, mayai ya wadudu na viumbe wengine wadogo waishio juu ya udongo na ndani yake.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu, mwanafunzi au mwenye shamba anayetaka kujua ni mbawakawa gani wanaishi katika kihamba chake, kwa vifaa vya bei nafuu na kwa muda wa mwaka mmoja. Nimeifanya kazi hii pamoja na wanafunzi wangu kwenye miteremko ya kusini ya Kilimanjaro kwa misimu kadhaa. Yale niliyoyakosea nimeyaeleza mahali pake, kwa sababu ndiyo yaliyonifundisha zaidi.

Hatua ya kwanza: Kumtambua unayemtafuta

Tafuta lenzi ya kukuzia mara 10, kisha mtazame mdudu mmoja kwa utulivu kabla ya kuchimba shimo lolote. Mbawakawa wote wana mabawa ya mbele yaliyogeuka kuwa magamba magumu, na magamba hayo hukutana katikati ya mgongo kwa mstari ulionyooka. Hapo ndipo mende anapojitenga nao, maana mabawa ya mende ni laini kama ngozi na upande mmoja huulalia mwingine. Ukishahakikisha kwamba uliyemshika ni mbawakawa, angalia papasi zake, yaani vile viungo viwili vya kichwani anavyopapasia. Za mbawakawa wa ardhini ni nyembamba kama uzi, kwa kawaida zina pingili 11, na hazina rungu wala vipande vinavyofunguka kama upepeo mwishoni kama zile za mbawakawa wa mavi. Taya zake huelekea mbele, kichwa kwa kawaida ni chembamba kuliko kidari, miguu ni mirefu ya kukimbilia, na magamba ya mgongo mara nyingi yana mifereji inayokwenda kutoka mbele hadi nyuma.

Alama isiyodanganya, hata hivyo, haipo mgongoni bali tumboni. Mgeuze mdudu chali uitazame miguu ya nyuma pale inapoungana na mwili. Nyonga za miguu hiyo zimeganda mahali pamoja, hazichezi, nazo zimeingia hadi kuikata pingili ya kwanza ya tumbo katika vipande viwili, kimoja kulia na kingine kushoto. Karibu na nyonga hizo utaona kipande kilichotokeza chenye umbo la punje ya maharage. Mwanafunzi akishaziona alama hizo mbili mara tatu au nne hazimpotei tena, na kwa maoni yangu ni heri kutumia kipindi kizima kwa jambo hili moja kuliko kukimbilia mitego huku darasa halijui linamtega nani.

Wanaochanganywa nao zaidi ni wale wa familia ya Tenebrionidae, weusi na wagumu, ambao hutembea polepole na wamejaa katika maeneo makavu ya tambarare. Hesabu pingili za nyayo zao: miguu ya mbele na ya kati ina pingili tano, lakini ya nyuma ina nne tu, ilhali mbawakawa wa ardhini ana tano katika miguu yote sita. Wapo pia wale wa familia ya Staphylinidae, ambao magamba yao ni mafupi na huacha sehemu kubwa ya tumbo wazi. Kati ya hao kuna mmoja wa kuogopwa, Paederus, mdudu mwembamba wa milimita chache mwenye rangi nyekundu ya machungwa na nyeusi, anayeongezeka msimu wa mvua. Haumi, lakini akipondwa juu ya ngozi maji ya mwili wake huleta malengelenge ambayo hutokea siku moja au mbili baadaye. Wafundishe watoto kumpuliza akitua mwilini badala ya kumpiga kofi, na sehemu iliyoguswa ioshwe mara moja kwa maji na sabuni.

Hatua ya pili: Ruhusa na uchaguzi wa maeneo

Katika shamba lako mwenyewe huhitaji zaidi ya ridhaa ya jamaa unaoishi nao. Katika kihamba cha mwingine piga hodi, salimia, na ueleze kwa maneno ya kawaida kwamba unafukia vikombe ili kujua wadudu wanaotembea usiku. Bibi mmoja aliyetukaribisha Kibosho alidhani tunapima ardhi, na alikuwa na haki ya kuhofu, kwa kuwa kihamba ni mali ya ukoo na makaburi ya wazee yamo humo humo. Mwonyeshe mwenye shamba kila shimo, na umpe nakala ya orodha yako mwishoni. Msitu ulio juu ya vijiji ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, kwa hiyo usitege humo bila kibali. Utafiti rasmi nchini huombewa kibali kwa Tume ya Sayansi na Teknolojia, na utafiti wa wanyamapori hupitia pia TAWIRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, ambayo makao yake yapo Arusha.

Chagua maeneo matatu yanayotofautiana, kwa kuwa eneo moja peke yake halikufundishi kulinganisha. Sisi tulichagua kihamba chenye migomba, kahawa na kivuli cha miringaringa, kisha ukingo wa mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, ambako udongo haukauki, na la tatu shamba la mahindi la tambarare lisilo na mti. Maeneo hayo matatu yanaweza kuwa mwendo wa saa moja tu kutoka moja hadi lingine, lakini wadudu wake hawafanani.

Hatua ya tatu: Kutengeneza na kufukia mitego

Njia kuu ni mtego wa shimo, yaani kikombe kilichofukiwa hadi mdomo wake uwe sawasawa na uso wa ardhi, ambacho mdudu anayetembea hutumbukia asiweze kupanda tena. Mmarekani Herbert Barber aliieleza njia hii mwaka 1931 kwa ajili ya wadudu wa mapangoni, na hadi leo haijapata mpinzani kwa urahisi wake.

Nunua vikombe vya plastiki vyenye kuta laini, mdomo wa sentimita 8 hadi 10 na kina kisichopungua sentimita 10. Kwa kila shimo tumia viwili, kimoja ndani ya kingine, ili cha nje kibaki kimeushikilia udongo unapokitoa cha ndani kukimwaga. Toboa vitundu chini ya kile cha nje maji yapite. Chimba kwa mwiko wa bustani, ingiza vikombe, kisha rudisha udongo pembeni na uushindilie kwa vidole mpaka pasibaki ufa wala ukingo. Fanya jambo hili kwa uangalifu kuliko mengine yote. Mdomo wa kikombe ukitokeza juu ya ardhi hata kwa milimita tatu, mdudu mdogo huuzunguka akaenda zake, nawe utaandika kwamba eneo halina wadudu wakati kosa ni la mikono yako. Katika msimu wetu wa kwanza nusu ya mitego ilikuwa hivyo, na ilinichukua wiki tatu kugundua.

Weka mitego minane kwa kila eneo, mmoja na mwingine vikiachana angalau mita 10. Kihamba cha nusu ekari kinatosha kwa mistari miwili ya mitego minne. Chomeka kijiti chenye kitambaa chekundu na namba kando ya kila mtego, kwani mkulima anayepalilia haoni kikombe kilicho chini ya majani, na jembe haliombi radhi.

Juu ya kila mtego weka paa. Kipande cha ubao au cha bati kilichoinuliwa kwa mawe matatu, sentimita mbili au tatu juu ya ardhi, huzuia mvua, majani na kuku. Chini ya paa hilo tandaza kipande cha wavu wenye matundu ya sentimita mbili. Wavu huo huwapitisha mbawakawa, hata wale wakubwa, lakini huwazuia vyura wakubwa, panya na vinyonga wasifie ndani. Kando ya mfongo usiuache kamwe, maana vyura ni wengi na hawana hatia.

Kuhusu maji ya kuwekea, nimejaribu mengi nikarudi kwenye chumvi. Koroga chumvi ya kawaida katika maji mpaka isiyeyuke tena, ambayo ni karibu gramu 350 kwa lita moja, kisha ongeza matone mawili ya sabuni ya maji ili mdudu azame badala ya kuelea juu. Jaza theluthi moja ya kikombe. Maji hayo huwahifadhi wadudu kwa siku tano hadi saba, baada ya hapo huanza kunuka. Wapo wanaotumia maji ya rejeta ya gari. Nakusihi usiyatumie shambani, kwa kuwa mengi yana ethilini glaikoli, ambayo ladha yake ni tamu na huua mbwa na mifugo. Ukitaka kuwaachia wadudu wakiwa hai, acha kikombe kikavu, tia majani machache ya kujifichia, na utembelee mtego kila alfajiri bila kukosa, kwa sababu mbawakawa wakubwa hawangoji jua lichomoze kabla ya kuwala wadogo.

Baada ya kufukia, funika vikombe vyote kwa vifuniko na uviache wiki nzima kabla ya kuvifungua. Udongo uliochimbuliwa karibuni huwafanya wadudu waingie kwa wingi usio wa kawaida katika siku za kwanza, na hesabu ya siku hizo itakupotosha.

Tega wiki moja katika kila mwezi kwa mwaka mzima, ili upate masika ya Machi hadi Mei, baridi ya Juni hadi Agosti, na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Katika nchi za baridi mbawakawa wengi huzaliana kwa kufuata majira ya kuchipua au ya kupukutika kwa majani, lakini kwetu mvua ndiyo kalenda, na ukitega mwezi mmoja tu utakuwa umesoma ukurasa mmoja wa kitabu. Wakati wa masika makubwa mashimo hujaa maji kutoka chini hata kama paa ni zuri. Hapo inua mitego, uandike kwamba wiki hiyo imepotea, na usijaze pengo kwa kukisia. Siafu nao wakipita huacha vikombe vimejaa siafu, jambo ambalo pia linaandikwa.

Hatua ya nne: Kutafuta kwa mkono na kwa tochi

Mtego humkamata anayetembea sana. Mbawakawa anayeishi chini ya gome la mti, au yule mdogo wa milimita tatu anayekaa kwenye mchanga wa ukingo wa maji, unaweza kumkosa mwaka mzima. Ndiyo maana kila wiki ya mitego iambatane na saa moja ya kutafuta kwa mkono: kuinua mawe na magogo, kubandua maganda makavu ya mgomba, kupepeta majani yaliyooza kwa ungo juu ya shuka jeupe. Rudisha kila jiwe ulivyolikuta. Kando ya mfongo, mwagia maji kwenye tope lenye nyufa na usubiri dakika moja. Wadudu wadogo wanaong'aa kama shaba watapanda juu.

Usiku, kuanzia saa mbili hadi saa nne, tembea polepole kwa tochi ya kichwani. Hapo ndipo utakapowaona wakifanya kazi yao: mmoja ameng'ang'ania koa, mwingine anaburuta kiwavi kinyumenyume. Vaa buti, kwa kuwa kihamba usiku kina nyoka pia.

Usiwashike kwa vidole vitupu. Mbawakawa wa ardhini wana tezi mbili mwishoni mwa tumbo zinazotoa kemikali za kujihami, na kila kundi lina mchanganyiko wake. Anayestaajabisha kuliko wote ni mbawakawa mpiga mizinga, wa jenasi kama Pheropsophus, ambaye kwa kawaida ana rangi ya njano na nyeusi. Tumboni mwake mna chumba kinachohifadhi haidrokwinoni pamoja na haidrojeni peroksaidi, na mbele ya chumba hicho mna kingine chenye kuta ngumu na vimeng'enya. Akishtuliwa, hubana misuli, mchanganyiko huingia chumba cha pili, na mmenyuko huo hutoa joto linalofikia takriban nyuzi 100 za Selsiasi. Maji yenye moto na kemikali iitwayo kwinoni hufyatuka kwa mlio unaosikika. Katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, spishi moja iliyotoka Kenya, Stenaptinus insignis, ilipigwa picha ikiuelekeza mfyatuo huo upande wowote ilikoguswa, hata juu ya mgongo wake yenyewe. Kidole huachwa na doa la kahawia kwa siku kadhaa. Tumia kibanio na glavu, na usiweke uso karibu na chupa unapoifungua.

Hatua ya tano: Kuhifadhi, na juu ya yote, lebo

Mwaga kila mtego kwenye chujio la chai, osha chumvi kwa maji safi, na utie wadudu ndani ya chupa yenye spiriti ya asilimia 70. Chupa moja ni ya mtego mmoja wa wiki moja, wala usichanganye.

Ndani ya chupa, si juu yake, tia karatasi iliyoandikwa kwa penseli. Mwaka wa kwanza nilitumia kalamu ya wino ya kawaida. Miezi mitatu baadaye nilikuta chupa 40 zenye spiriti ya rangi ya buluu na karatasi nyeupe tupu, na kazi yote ya masika ikawa haina thamani, kwa sababu mdudu asiyejulikana alitoka wapi na lini hawezi kujibu swali lolote. Wanafunzi hawakulia, ila nilielewa vizuri walivyojisikia. Lebo iwe na nchi, mkoa, wilaya, kijiji, aina ya eneo, latitudo na longitudo kutoka kwenye simu, mwinuko kwa mita, tarehe ya kutega na ya kutegua, namba ya mtego, njia iliyotumika, na jina la aliyekusanya.

Tazama faida yake. Kati ya mwaka 1905 na 1906 Msweden Yngve Sjöstedt aliongoza safari ya kukusanya wanyama katika Kilimanjaro na Meru, na vielelezo vyake vingi vina lebo yenye neno Kibonoto, yaani Kibong'oto yetu, ambayo leo ipo Wilaya ya Siha. Kwa sababu ya neno hilo moja, mtu anaweza kurudi leo mahali palepale kuuliza ni nani amebaki na nani ametoweka baada ya zaidi ya miaka 100 ya kahawa, mahindi na ukataji wa miti.

Vielelezo vizuri vichache vya kila aina vikaushwe. Pini hupitishwa kwenye gamba la kulia, karibu na mbele, kamwe si katikati, ili alama za mstari wa mgongo zisiharibike. Wadogo hubandikwa kwa gundi kwenye ncha ya kadi. Unyevu wa masika huleta ukungu, na sisimizi hula mkusanyo mzima kwa usiku mmoja, kwa hiyo sanduku lifungwe barabara na liwekwe naftalini.

Hatua ya sita: Kuwapanga kwa makundi

Usijitaabishe kutafuta jina la spishi mwanzoni. Wataalamu wenyewe, kwa wadudu wa kitropiki, mara nyingi hulazimika kutazama viungo vya uzazi vya dume chini ya hadubini. Tenganisha kwa macho wale wanaofanana kabisa, upe kila kundi namba, na ufuate namba hiyo mwaka mzima. Usidanganywe na tofauti ya jinsia: madume wengi wana pingili zilizopanuka katika nyayo za mbele, zenye vinywele vya kunatia wakati wa kujamiiana, na majike hawana, lakini ni spishi moja.

Baadhi ya jenasi hata hivyo hujitambulisha zenyewe. Mbawakawa mweusi wa sentimita tatu hadi tano, mwenye matuta na mifereji mirefu mgongoni, yaelekea ni Tefflus, mla konokono. Mwenye rangi ya kijani au buluu inayong'aa, aliyefunikwa na malaika mafupi, na mwenye harufu kali ya dawa ya hospitalini, ni wa jenasi Chlaenius, ambaye hupenda unyevunyevu. Mwenye kiuno chembamba kati ya kidari na tumbo, miguu ya mbele yenye meno ya kuchimbia na taya kubwa za kutisha ni Scarites au ndugu zake, mkaaji wa mashimo. Wapo wanene wenye miguu mifupi kidogo wa kundi la Harpalini, na hawa si wawindaji watupu: wengi wao hula mbegu, zikiwemo za magugu. Mkulima anayesikia neno mbegu hushtuka, lakini mbegu wanazozipenda zaidi ni ndogo ndogo zilizoanguka juu ya udongo.

Kiwavijeshi akivamia nyasi na mahindi, tazama kama utamwona Calosoma, mpana wa mabega, mwepesi wa kuruka, ambaye hupanda mashina kufuata viwavi. Ndugu yake wa Ulaya, Calosoma sycophanta, alipelekwa Marekani kuanzia mwaka 1905 kupambana na viwavi walioangamiza misitu, na ameishi huko tangu hapo. Tambarare kavu zina Anthia, mkubwa, mweusi mwenye madoa meupe au ya njano, asiyeruka, anayefyatua asidi ya fomiki kuelekea machoni. Katika jangwa la Kalahari wapo watoto wa mjusi ambao ni weusi na weupe, nao hutembea wamepinda mgongo ili wadhaniwe kuwa ni mbawakawa huyo. Juu ya njia za vumbi mchana, mdudu anayekimbia, kusimama ghafla na kuruka mita chache mbele yako ni mbawakawa-chui, wa kundi la Cicindelinae, ambalo wataalamu wengine sasa wanalihesabu kuwa familia yake peke yake. Na ukipata mwenye papasi nene za ajabu kama majani yaliyovimba, umshike kama dhahabu, kwani ni Paussus, anayeishi ndani ya viota vya sisimizi.

Kadiri unavyopanda mlima, wengi zaidi hupoteza mabawa ya nyuma, na magamba yao huungana yasifunguke tena. Kuruka kwenye upepo na baridi ya juu hakuna faida, ilhali mabawa hugharimu chakula. Mdudu asiyeruka hawezi kuhama kutoka Kilimanjaro yenye mita 5,895 hadi Meru yenye mita 4,566, kwa sababu tambarare yenye joto imelala katikati, na hivyo kila mlima hulea spishi zake. Ni jambo lililowavuta hapa Wafaransa Charles Alluaud na René Jeannel katika safari yao ya mwaka 1911 hadi 1912. Ndiyo sababu nasisitiza mwinuko uandikwe kwenye lebo.

Hatua ya saba: Usiwasahau mabuu

Katika kila mtego utakuta pia viumbe virefu, vyembamba, vyenye miguu sita, taya zilizoelekea mbele na mikia miwili. Wengi huwatupa. Hao ni mabuu wa mbawakawa wa ardhini, nao pia wengi wao ni wawindaji, wanaotembea ndani ya nyufa za udongo. Kwa kawaida buu hupitia hatua tatu, akijivua ngozi, kisha hujitengenezea chumba udongoni na kuwa pupa, na baadaye hutoka akiwa mbawakawa kamili, laini na mweupe kwa saa kadhaa kabla ya kukauka na kuwa mweusi. Wengi hummeng'enya mnyama nje ya mwili: hummwagia majimaji ya mdomoni, kisha humfyonza akiwa ameyeyuka.

Wahesabu na uwaandike kwa mwezi. Mwezi ambao mabuu ni wengi unakuonyesha lini mayai yalitagwa, na pia ni wakati gani kuchimbua udongo kwa kina au kumwaga dawa ya maji chini ya migomba kunaua zaidi ya fukusi wa migomba uliyemkusudia. Hapa nasema kama mkulima pia: mabua, maganda ya mgomba na majani yaliyotandazwa chini ndiyo makao ya mchana ya wawindaji hawa, na shamba linalofagiwa likawa jeupe limewanyima mahali pa kulala. Waingereza hujenga matuta ya nyasi katikati ya mashamba makubwa kwa kusudi hilo hilo. Sisi kihamba kimetupa kivuli na matandazo tangu zamani.

Hatua ya nane: Kusoma hesabu zako

Tengeneza jedwali lenye mitego kwenye mistari na aina kwenye safu. Kabla ya kulinganisha maeneo, gawanya idadi kwa siku za mtego: mitego minane kwa siku saba ni siku 56, na kama miwili ilifukuliwa na mbwa ni 42. Kumbuka kwamba idadi ndani ya kikombe haisemi tu wadudu ni wangapi, bali pia wanatembea kiasi gani. Mdudu mwenye njaa katika shamba tupu la mahindi hutembea sana na kutumbukia upesi, ilhali mwenzake aliyeshiba chini ya majani mazito ya kihamba hukaa mahali pake. Kwa hiyo shamba tupu linaweza kuonyesha vichwa vingi kuliko kihamba, na mwanafunzi akatoa hitimisho lililopinduka. Tazama zaidi idadi ya aina, na kama aina moja imetawala nyingine zote. Katika maeneo yetu, shamba la mahindi lilijaa aina mbili tatu tu kwa wingi mkubwa, na kihamba kilikuwa na wachache wachache wa aina nyingi. Ukingo wa mfongo ulikuwa na wadogo ambao hatukuwaona kwingine kokote.

Wiki ya mwisho ikiisha, toa vikombe vyote, hata kile cha nje, na uhesabu vijiti kuhakikisha hakuna kilichosahaulika. Kikombe kitupu kilichoachwa wazi huendelea kuua kwa miezi. Jaza mashimo kwa udongo uleule, rudisha majani juu yake, na umpelekee mwenye kihamba orodha uliyomwahidi, pamoja na sanduku dogo la wadudu wa shamba lake ili awaone kwa macho yake.